Kopo la Sarafu za Amerika, kutoka Masese hadi Malukhu

Niliondoka Jinja kwa sababu mama yangu mdogo, Bi Rehema, alinipigia simu kutoka Mbale akaniambia nimpelekee sarafu zangu zote za Amerika. Hakusema tafadhali. Alisema nizilete, nije nazo mwenyewe, na nisimpe mtu anibebee.

Kwa msomaji asiyenijua, naitwa Hadija, Mnubi wa Jinja, kitukuu cha mmoja wa wale askari walioletwa huku kutoka Sudan. Kiswahili nimezaliwa nacho. Nilifanya kazi Amerika miaka mingi katika duka la mashine za kufulia nguo, kisha nikarudi nyumbani, na kati ya vitu nilivyorudi navyo ni kopo la majani ya chai lililojaa sarafu. Sikuzileta kwa makusudi. Zilikuwa mifukoni, ndani ya mikoba, chini ya masanduku, na nilipofika nikagundua kwamba maduka ya kubadilisha fedha hapa Uganda yanataka noti tu. Sarafu ya nje hakuna anayeitaka. Basi nikazitia kwenye kopo na kopo nikaliweka juu ya kabati.

Mama Mdogo haoni. Ugonjwa wa presha ya macho ulimchukua nuru polepole, jicho moja kisha la pili, na tangu hapo anaishi kwa vidole. Anasuka vifuniko vya chakula kwa ukili wa rangi, rangi anapangiwa na majirani, na anaviuza mwenyewe sokoni Mbale. Shilingi zetu anazijua zote. Sarafu anazipima kwa ukubwa, noti anazipima kwa urefu, na sijasikia mtu aliyefanikiwa kumpunja.

Binti yake Amina ni muuguzi huko Amerika. Alikuwa na mimba ya kwanza, na alikuwa amemtumia mama yake tiketi ili aende akamsaidie kulea. Visa ilikuwa imetoka. Aliyezuia ni Swaleh, mtoto wa kwanza, fundi wa pikipiki anayeishi na mama yake pale Malukhu, mtaa wa Mbale. Swaleh alisema mtu asiyeona hawezi kwenda kulea, atakwenda kulelewa. Na alisema neno lingine ambalo Mama Mdogo alinirudishia kwenye simu kwa sauti iliyotulia kabisa.

"Ameniambia, mama, hapa unajua kila kitu kwa mkono. Kule utakuwa kipofu kweli." Kisha akaongeza: "Nikamwambia, basi nitajifunza na ya kule kwa mkono. Lete sarafu."

Asubuhi iliyofuata nilikuwa Masese, kwenye mwalo wa wavuvi wa Jinja, natafuta gari. Rafiki yangu Hajati Mariamu anauza mukene, wale dagaa wadogo wa ziwa, na lori lake hupeleka magunia Mbale kila wiki. Nilimkuta akikagua magunia kwa kuyanusa. Akaniweka mbele pamoja na dereva, mzee mmoja aliyewahi kuendesha magari ya jeshi, ambaye watu wote mwaloni humwita Afande.

Afande aliliona kopo mapajani mwangu akauliza kuna nini. Nilipomwambia, alicheka mpaka akafuta macho.

"Sasa wewe unapeleka sarafu ya Amerika Mbale? Nani atanunua?"

Nikamwambia siziuzi, nakwenda kumfundisha mtu asiyeona azijue kabla hajasafiri. Akaacha kucheka. Tulipopita miwa ya Kakira akaomba nimwonyeshe moja.

Iganga tulisimama kunywa chai, na hapo Afande akazimwaga zote juu ya sinia na kutaka kila moja nimwambie jina lake. Nikampangia zile za kawaida. Hii nyekundu ni senti moja, peni, na serikali yao imeacha kuitengeneza, ingawa zilizopo bado zinatumika. Hii nene yenye rangi ya fedha ni senti tano, nikeli. Hii ndogo kuliko zote ni senti kumi, daimu. Na hii ni senti ishirini na tano, robo ya dola, kwota.

Afande aliokota daimu na nikeli akazishika moja kila mkono. Akasema kwa Kiswahili chake cha kambini kwamba hapo Waamerika wamekosea, mdogo hawezi kuwa mkubwa kuliko mkubwa. Nikamwambia hata mimi nilisema hivyo siku zangu za kwanza kule, nilipompa dereva wa basi nikeli mbili nikidhani nimempa zaidi ya daimu mbili, akanitazama kama mtu aliyemletea ugomvi. Baadaye mzee mmoja wa pale dukani, mteja wa kufua, ndiye aliyenieleza. Zamani daimu, nusu dola na kwota zilikuwa fedha halisi, na fedha ilipimwa kwa uzito. Daimu ni sehemu ya kumi ya dola, kwa hiyo ilikuwa na fedha sehemu ya kumi, ndiyo maana ni ndogo. Senti tano ya fedha nayo ilikuwepo, ndogo zaidi, mpaka ikawa kero kuishika. Baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, watu walipokuwa wameficha fedha majumbani, wakatengeneza senti tano ya shaba iliyochanganywa na nikeli, madini yaliyoipa jina lake. Madini ya bei ndogo, kwa hiyo hawakuona ubaya kuifanya nene. Leo hakuna fedha tena ndani ya yoyote, lakini ukubwa ule wa zamani wameuacha.

"Basi ni kama cheo," Afande alisema. "Vita imekwisha, lakini nyota inabaki kwa bega."

Tulipotoka Iganga tuliacha barabara kuu ya Tororo tukashika ya Tirinyi. Baada ya Namutumba nchi inalala chini, na ukifika kwenye bwawa la Mpologoma ni mpunga kushoto na kulia, na mafunjo yamesimama nyuma yake. Wanawake walikuwa ndani ya maji mpaka magotini. Kisha mimi nikafumba macho. Nilikuwa nimetia mkono ndani ya kopo, najaribu kutoa kwota bila kutazama, na nilichotoa kilikuwa nikeli. Nikajaribu tena nikatoa peni nikidhani ni daimu. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Nilikuwa nimekubali kwa simu, haraka haraka, kufundisha jambo ambalo mwenyewe sikuliweza.

Budaka, wakati Afande anaongea na askari wa barabarani kuhusu karatasi za lori, niliendelea kuzipapasa, na nikapata kitu cha kushika. Daimu na kwota zina meno pembeni, mistari midogo imekwaruzwa kuzunguka ukingo. Peni na nikeli ukingo wake ni laini. Hilo nalo lilitoka zamani, kwa sababu wezi walikuwa wakikwangua ukingo wa sarafu za fedha na za dhahabu na kukusanya unga wake, basi wakazitia meno ili iliyokwanguliwa ijulikane mara moja. Peni na nikeli nani angezikwangua? Niliwashukuru wale wezi kimoyomoyo.

Mbale tuliingia jua likiwa bado juu. Mlima Wanale ulikuwa umesimama juu ya mji kama kawaida yake, na maporomoko yananing'inia kwenye mwamba, membamba, meupe. Afande hakukubali kuniacha kwenye mnara wa saa wa mjini. Alinifikisha hadi Malukhu na lori lake la mukene, akapiga honi, na wakati naondoka akaniambia nimsalimie yule mama na nimwambie asikubali kushindwa.

Malukhu nilimkuta Mama Mdogo amekaa ukumbini juu ya mkeka, miguu ameinyoosha, kifuniko kilichosukwa nusu kiko kando. Alinishika uso, akaniambia nimenenepa, kisha akauliza sarafu ziko wapi. Chai ilikuja baadaye. Kwanza alitaka beseni la maji na sabuni, akaziosha zote, moja moja, kwa sababu alisema hawezi kujifunza uchafu wa watu.

Kabla ya kuzimwaga nilikuwa nimetoa kando sarafu mbili na kuzitia mfukoni: nusu dola moja, kubwa, ambayo hata kule huioni, na dola moja ya sarafu ambayo pia haipatikani mara kwa mara. Sikutaka kumchanganya.

Nikamweleza habari ya meno. Akapapasa. Akapapasa tena. Nikaona uso wake unabadilika.

"Siyasikii," alisema.

Alinipa mikono yake nishike. Ncha za vidole zilikuwa ngumu kama nyayo, sugu ya miaka yote ya kuvuta ukili. Kwota na nikeli alizitofautisha kwa ukubwa bila shida, lakini peni na daimu zilikuwa kitu kimoja kwake. Nilimpa kumi, akakosea nusu. Nikampa tena, akakosea zaidi. Swaleh alirudi kutoka kazini akakaa mlangoni, mikono ina mafuta, akatuangalia.

Nilipendekeza tuachane na peni, kwa kuwa thamani yake ni ndogo na wenyewe wameacha kuitengeneza. Alikataa. Nikapendekeza aziache sarafu zote atumie noti. Akauliza noti zao zinatofautiana vipi. Ikabidi nimwambie ukweli kwamba noti zote za Amerika zina urefu mmoja na upana mmoja, ya dola moja na ya mia ni sawasawa mkononi, na wasioona kule hupata mtu wa kuwasomea kwanza, kisha huzikunja kila moja kwa mkunjo wake ili wasizichanganye.

Alifikiri juu ya hilo. "Kwa hiyo noti lazima kwanza nimwamini mtu," alisema. "Sarafu ndiyo pesa pekee nitakayoijua mimi mwenyewe. Zilete tena."

Jioni, Swaleh akiwa amekwenda msikitini, nilimwona Mama Mdogo anafanya kitu ambacho sikumfundisha. Aliacha ncha ya kidole akatumia ukucha. Anaposuka, ukucha ndio unaotafuta ukingo wa ukili, na vidole vinafuata. Alivuta ukucha pembeni mwa peni, ukateleza. Akauvuta pembeni mwa daimu, ukalia, sauti ndogo kama ya mende ndani ya karatasi. Akarudia. Hakutabasamu wala hakuniita. Alizipanga zote kwenye mkeka katika makundi manne, na mimi nilipozikagua hapakuwa na hata moja iliyokosea kundi.

Asubuhi ya pili tulikwenda dukani kwa Nambozo, jirani yake Mgisu, mwenyeji wa huko, anayeuza unga, sabuni na mafuta ya taa nyumba ya tatu kutoka kwake. Mama Mdogo alikuwa amepatana naye kabla sijafika. Nambozo angekubali sarafu za Amerika kwa siku moja, kisha mimi ningelipa vitu vyote kwa shilingi. Nilikaa naye kwanza tukaweka bei za senti, na ilimfurahisha sana kusema kipande cha sabuni ni senti sabini na sita.

Nilimweleza Mama Mdogo jinsi watu wa kule wanavyozitumia kweli. Kwota ndiyo inayofanya kazi: mashine za kufulia nguo, maegesho ya magari, pampu za upepo wa matairi, kote huko ni kwota. Wapangaji walikuwa wakija dukani kwetu kubadilisha noti ili tu wapate kwota za kufulia. Daimu na nikeli ni za kukamilisha bei. Peni wengi huziacha kaunta au kuzitia kwenye mtungi nyumbani. Na nilimwonya asitegemee picha, kwa sababu kwota zina migongo mingi tofauti, nyingine za majimbo, nyingine za mambo mengine, na mimi mwenyewe sijaziona zote.

Alinunua sabuni. Alitoa kwota tatu na peni moja, ukucha unazunguka kila moja kabla ya kuiacha mezani. Alinunua unga akarudishiwa chenji, akaipima chenji, akamwambia Nambozo amemzidishia nikeli. Nambozo alikuwa amefanya makusudi. Walicheka wote wawili, na watu waliokuja kununua mafuta wakasimama kuangalia.

Swaleh alitokea katikati ya hayo. Alinunua kipande cha mkate, akasimama kando ya mama yake, akachomoa kitu mfukoni mwake na kukiweka kwenye kiganja cha mama. Nikakijua. Nilikuwa nimeziacha zile sarafu mbili juu ya meza pale nyumbani wakati wa kubadilisha nguo.

"Na hii, Mama?"

Alipitisha ukucha. Ukalia. Alipima upana kwa kidole gumba. "Kwota," alisema.

"Ni dola nzima," Swaleh alisema. Hakuisema kwa kujigamba. Alikuwa na sura ya mtu aliyeomba asiwe sahihi.

Mimi nilianza kueleza haraka kwamba kosa si lake, kwamba dola hiyo ilitengenezwa miaka ya sabini ikielekea mwisho, ina sura ya mwanamke aliyepigania wanawake wa kule wapige kura, na waliitengeneza karibu sawa na kwota kwa ukubwa, ina meno vilevile, hata Waamerika wenye macho mazima wakawa wanailipa kama kwota, wakaichukia, wakaikataa. Mama Mdogo aliniacha nimalize.

"Kwa nini hukunipa jana?"

Nikakiri kwamba niliitoa kando pamoja na nusu dola, kwa kuwa sikutaka kumchanganya.

"Hadija, wewe umenichagulia rahisi. Na huyu amenichagulia nisiende. Nyote mmenichagulia." Akanyoosha mkono. "Nipe hiyo dola, na nipe kwota. Na ile nyingine uliyoficha."

Mchana wote alikaa ukumbini na sarafu hizo. Nambozo alileta malewa, machipukizi ya mianzi yaliyopikwa kwa karanga, tukala, na Mama Mdogo akala kwa mkono mmoja, wa pili umeshika sarafu. Dola ilikuwa pana kidogo tu, nene kidogo tu, na nzito zaidi. Uzito ndio aliouchagua. Alikuwa anaidondosha kwenye kiganja kutoka mkono wa pili, kisha kwota, kisha dola. Alikosea mara nyingi. Akikosea alianza upya.

Swaleh alifunga karakana yake mapema akarudi akakaa karibu naye kwenye mkeka. Baadaye, bila kuambiwa, alifumba macho na kutia mkono ndani ya kopo. Alitoa sarafu akaitaja vibaya. Akatoa nyingine, vibaya. Mama yake alisikia sauti za sarafu akajua anachofanya. Alimshika kidole, akakigeuza, akauweka ukucha wake kwenye ukingo.

"Usibonyeze. Vuta tu."

Akavuta. Walikaa hivyo kwa muda, mama anamwongoza mwanawe kidole kwa kidole, na Swaleh hakufumbua macho hata alipoanza kuongea. Alisema tangu baba yao afariki yeye ndiye aliyekuwa akimshika mama mkono kuvuka barabara, kumpeleka sokoni, kumpeleka hospitali. Alisema hajui nyumba itakuwaje asubuhi bila mtu wa kumgombeza kwamba amechelewa swala. Haya yote alikuwa ameyafunika kwa maneno ya upofu.

Mama Mdogo alimsikiliza. Kisha akamwambia kwamba Amina naye hana mtu wa kumgombeza, na kwamba atarudi mtoto akishatembea. Akamwambia ampe dola.

Swaleh akampa kwota. Mama akaidondosha kiganjani, akamrudishia.

"Nimesema dola."

Swaleh akampa dola, na safari hii alijicheka mwenyewe, macho yake yamelowa. Akasema atampeleka uwanja wa ndege wa Entebbe yeye mwenyewe, ataazima gari.

Safari ya kurudi Jinja nilifanya ndani ya gari hilo la kuazima, siku chache baadaye, nikiwa nyuma na masanduku, mama na mwana wamekaa mbele. Walibishana njia nzima: juu ya mwendo, juu ya dirisha, juu ya kama amefungasha dawa za macho. Jinja walipumzika kwangu, wakala, na kabla ya kuendelea Mama Mdogo alinifumbata mikono kwa mikono yake akaniombea dua. Kopo alilibeba yeye. Sikutaka chochote kutoka ndani yake.

Nilijifunza nini? Nilikuwa nimezihesabu sarafu zile kuwa takataka za maisha yaliyokwisha, na nilikwenda Mbale nikidhani nampelekea mtu mchezo wa kumliwaza. Nilichokiona ni kwamba mtu aliyepoteza vitu vingi hataki kuliwazwa, anataka apewe kazi yote, pamoja na sehemu yake ngumu, na aachwe aifanye. Nimeanza kuwa mwangalifu na watu ninaowapenda, hasa pale ninapotaka kuwarahisishia jambo ambalo hawakuniomba niwarahisishie.

Simu yake ilikuja baada ya Amina kujifungua mtoto wa kike. Aliniambia habari ya mtoto kwanza, nywele zake, sauti yake, jinsi anavyonyonya. Halafu akaniambia kwamba alikwenda dukani kununua maziwa, Amina amesimama kando yake na mtoto mgongoni. Alimwaga sarafu kwenye kiganja akaanza kuzitafuta kwa ukucha. Mhudumu wa duka alinyoosha mkono akamgusa ili amchagulie, na yeye akafumba kiganja. Alimwambia Amina amwambie kwa Kiingereza kwamba anajua, anahitaji muda tu. Nyuma yao palikuwa na foleni.

Nikamwuliza watu walisema nini.

"Hawakusema kitu," alisema, na nikasikia anavyofurahi. "Walingoja, Hadija. Wote walingoja mpaka nikamaliza."